Kindi, Fisi na Hedfoni za Harusini

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kila mlango una ufunguo wake, palikuwa na Kindi mmoja mdogo aliyependa muziki kuliko karanga. Na mnajua Kindi na karanga!

Kindi alitaka kuwa DJ. Lakini mji mzima ulikuwa na DJ mmoja tu, Bwana Fisi, aliyejiita DJ Tetemeko. Fisi alikuwa na spika mbili kubwa kama makabati ya nguo. Alipiga nyimbo anazozipenda yeye tu, kwa sauti ya juu kabisa, puu! puu! puu!, mpaka siku moja mayai ya Mama Kware yakapata nyufa.

Nani angesema neno? Ngedere alipojaribu kupiga muziki kwenye sherehe ya jirani yake, Fisi alizitafuna nyaya zake zote, kwacha! kwacha!, kama anakula tambi.

Basi Kindi akaenda kwa Bi Nungunungu. Huyo bibi ujanani alikuwa fundi wa kuchezesha watu, na watoto wote wa mtaani walimwita shangazi.

“Hodi, shangazi!”

“Karibu. Nani huyo?”

“Ni mimi, Kindi. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona mkia umesimama hivyo?”

“Nataka kujifunza kupiga muziki.”

Nungunungu akacheka mpaka miiba ikagongana, chakacha, chakacha. Kisha akavuta kutoka uvunguni mashine mbili za santuri, miksa ndogo ya kuchanganyia nyimbo, na hedfoni. Akapuliza vumbi, fuuu!

“Kwanza, hesabu. Kila wimbo una mwendo wake. Moja, mbili, tatu, nne. Ukitaka kuingiza wimbo wa pili, usiutupe tu kama maji ya vyombo. Ulinganishe mwendo wake na wa kwanza, usubiri hesabu irudi kwenye moja, ndipo uuingize polepole huku ule wa kwanza ukiutoa polepole.”

“Na mwendo ukikataa kulingana?”

“Ongeza kasi ya santuri, au punguza. Ukikosea, watu watajikwaa, na watajua aliyewakwaza ni wewe.”

“Na hizi hedfoni, shangazi?”

“Sikio moja ndani, usikilize wimbo unaokuja. Sikio moja nje, usikilize wimbo unaochezwa. Unachosikia humo ndani, uwanja hausikii. Usisahau hilo. Na macho yako yasitoke kwenye miguu ya watu. Miguu ikianza kuelekea kwenye soda, badilisha wimbo!”

Siku za kwanza Kindi alipochanganya nyimbo ilikuwa kama ndoo mbili zinaporomoka kwenye ngazi, garagara, garagara! Shangazi alijiziba masikio akasema, “Tena.” Kindi akarudia. “Tena.” Akarudia. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Wa tatu, shangazi hakusema “tena.” Alikuwa amesimama katikati ya sebule anacheza, na kanga imemdondoka.

Siku hiyohiyo Mama Pundamilia akabisha hodi. Alikuwa anamwoza binti yake.

“Kindi, nasikia umeshajua kazi. Njoo utupigie muziki Jumamosi mchana. Huyo Fisi simtaki. Bibi yetu ni mzee sana, na ameniambia anataka kucheza harusi ya mjukuu wake kabla hajafa. Akipigiwa zile puu puu atazimia.”

“Na Fisi akija?”

Mama Pundamilia akatazama chini. “Akija, sijui.”

Jumamosi Kindi aliwahi kabla hata ya wapishi. Akajaribu kila waya na spika ndogo ya shangazi, akaweka waya wa akiba na hedfoni za pili chini ya meza, akazunguka uwanja mzima kusikia kama sauti inafika kwenye viti vya nyuma. Wageni wakaanza kuingia.

Mara, vumbi! Fisi huyo, spika zake mgongoni, mashine yake kwapani.

“Nani kasema harusi inapigwa bila DJ Tetemeko?” akanguruma. “Wewe kitoto cha mkia, toka mezani kabla sijakula nyaya zako. Nimekuja na njaa!”

Kindi akazishika nyaya zake. Akatazama viti vya mbele. Bibi Pundamilia alikuwa ameshavua viatu vyake, tayari kucheza.

Kindi akainama kwa adabu.

“Karibu, mzee wangu. Kumbe umekuja! Mimi nilikuwa nakushikia nafasi tu. Ila DJ mkubwa kama wewe haunganishi nyaya mwenyewe. Pumzika, unywe soda, mimi nitakuunganishia.”

“Hapo umesema,” akajibu Fisi, akaketi na chupa tatu.

Kindi akafanya kazi haraka, chap-chap. Vyombo vyake akavihamishia nyuma ya pazia la maua ya harusi, na waya wa zile spika kubwa akaupitisha huko, akauchomeka kwenye miksa yake ndogo. Mashine ya Fisi akaiunganisha na zile hedfoni za pili tu.

“Tayari, mzee. Vaa na hizi.”

“Za nini? Mimi sijawahi kuvaa.”

“Ala! Madijei wakubwa wote huvaa, masikio yote mawili. Wadogo ndio hawavai.”

“Nilikuwa najua,” akasema Fisi, akazivaa haraka. Akaweka wimbo wake. Puu! puu! puu! ikamjaa kichwani. Akarusha mikono juu. “Twendeee!”

Nyuma ya pazia, Kindi akachungulia miguu ya Fisi. Moja, mbili, tatu, nne. Akazungusha kidogo kitufe cha kasi, akalinganisha mwendo, akaingiza wimbo wake mtamu wa harusi. Dum-taka, dum-taka, dum-taka!

Wageni wakainuka. Fisi akaona wanacheza kwa mwendo uleule anaousikia yeye. Akavimba!

“Mnaona? Mnaona mimi?” akapiga kelele.

Kila Fisi alipobadilisha wimbo na miguu yake kubadilika, Kindi naye alihesabu nne, akabadilisha. Mara moja Fisi aliinua mkono kuelekea sikio. Lo! Hedfoni zikasogea! Lakini Fisi alijikuna shingo tu, akazirudisha, akaendelea kuruka.

Bibi Pundamilia alicheza. Alicheza na bwana harusi, akacheza na wajukuu, akacheza na kiti. Vigelegele vikapaa, lililililiii!

Kisha baba wa bi harusi akainua mkono. Bibi alitaka kumwombea dua mjukuu wake. Kindi akashusha sauti taratibu, taratibu, mpaka kimya. Wote wakasimama, vichwa chini.

Isipokuwa Fisi.

Puu! puu! puu! kichwani mwake. Alikuwa ameruka juu ya kiti, kiuno kinazunguka, anaimba kwa ile sauti yake ya kukwaruza, “Ooo bebiii, njoo kwangu bebiii! Mbona mmesimama? Chezeni!”

Mtoto mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Bibi naye akashindwa kujizuia, dua ikageuka kicheko. Mama Pundamilia akaenda akamvua Fisi hedfoni.

Fisi akasikia kimya. Akatazama spika zake. Akafuata waya kwa macho, polepole, mpaka kwenye pazia. Akalivuta. Kindi huyo, sikio moja limezibwa, sikio moja wazi.

“Ni wewe?” Fisi akatoa meno yote. “Leo nakutafuna wewe na nyaya zako!”

Kindi hakukimbia. “Ni mimi, mzee. Ungewapigia puu puu, bibi asingecheza.”

Fisi akapiga hatua moja. Hapo akasikia kwato, kwa-kwa-kwa. Pundamilia arobaini walikuwa wamegeuka wakampa mgongo. Wanangu, Pundamilia akikupa mgongo, usidhani amenuna. Anapima umbali wa teke.

Fisi akarudi nyuma. “Mimi... mimi nilikuwa nataka tu kumpa bi harusi hongera.”

“Basi mpe,” akasema bibi.

“Hongera,” akanong'ona Fisi, akaanza kujikokota kuelekea getini.

“Bwana Fisi!” Kindi akamwita. “Kupiga hujui, lakini kucheza unajua kuliko sisi wote. Usiondoke.”

Akarudisha wimbo. Dum-taka, dum-taka. Fisi akakunja uso, akakaza miguu. Lakini mguu wa nyuma ukatikisika. Kiuno kikafuata. Kabla hajafika getini alikuwa ameshageuka, anarudi katikati ya uwanja, na bibi amemshika mkono. Ikawa mara yake ya kwanza kusikia wimbo aliouchagua mwingine.

Basi, wanangu, jueni hili: anayejisikia mno hawezi kuwasikia wenzake.