Ukoko wa Bi Kirembwe

Zamani ya juzi tu, pale Tanga, Mfaume mwenye kumbi tatu za harusi aliinakili programu ya Mashavu, ile ya kukadiria pilau kwa idadi ya wageni. Akaibandika jina lake, akaipeleka kwa afisa wa hakimiliki isajiliwe. Mashavu akaitwa. Akikosa ushahidi, kazi yake ya miaka miwili imekwenda.

“Kila herufi nimeiandika kwa mkono huu,” alisema Mfaume, akiinua mkono mnene kama mchi. “Huyu binti hata pilau yenyewe hajui kuipika.”

“Kweli, bosi, sijui,” alijibu Mashavu kwa upole. “Bwana Afisa, hebu iulize hiyo programu hesabu ya wageni sabini na saba.”

Afisa akabonyeza. Zikaja kilo za mchele, zikaja za nyama, na chini kabisa: Ukoko na chumvi kidogo, apewe Bi Kirembwe.

“Bi Kirembwe ndiye nani?”

Kumbe Mfaume alinakili asisome.

“Ni mama yangu mzazi. Anapenda sana ukoko.”

“Basi aandike hivyo kwenye fomu yake, atie na sahihi,” alisema Mashavu.

Mfaume akatia sahihi kwa mbwembwe.

Mashavu akatoka, akarudi akivuta kamba.

“Bi Kirembwe,” aliita, na mbuzi mwenye ndevu akaitika mlangoni. “Bosi, mwamkie mama.”

Afisa akaandika jina la Mashavu kitabuni. Bi Kirembwe naye akaitafuna fomu ya mwanawe.