Chai ya Dereva

Mzee Kidifu, muuza magari ya kifahari jijini Dar es Salaam, hakuwahi kumpunguzia mtu bei. Siku moja aliingia bwana mwenye suti pamoja na Tunu, dada aliyemwendesha kuja hapo. Bwana yule aliomba apunguziwe milioni ishirini.

"Hata shilingi moja sipunguzi, bosi."

Kisha Kidifu akamvuta Tunu pembeni. "Dada, mshawishi bosi wako alipe bei yote. Chai yako milioni kumi."

"Nipe kwanza. Ananisikiliza mimi tu."

Alipewa. Akamnong'oneza yule bwana, na gari likalipiwa bei yote.

Kidifu akashika kalamu huku akitabasamu. "Kadi ya gari niandike jina gani, bosi?"

"Andika Tunu. Gari ni lake, na hela ni zake. Mimi ni fundi wake wa nguo."