Nguzo Isiyo na Alama

"Umeitupa nguzo ya nazi! Umeitupa mtoni kama ganda la muwa!"

"Nimetupa gogo, dada. Gogo tupu. Kama lilikuwa nguzo, alama yake ilikuwa wapi?"

Ma Pwa alifungua mdomo, akaufunga. Akainama akaokota tezo yake, ingawa hakuwa na kitu cha kuchonga.

Yeye na mdogo wake, Ma Ngwe, walikuwa wamesimama kwenye udongo mgeni wa Amarapura, na nyumba yao yote imelala chini mbele yao kama mzigo wa kuni. Mdogo wao wa mwisho, Ma Nyo, alikuwa amekaa juu ya boriti akipunga miguu.

"Endeleeni tu," alisema. "Mimi nimeshawapatia kiwanja. Nitalala hapahapa na mvua iniloweshe."

Nyinyi mnaosikiliza, msiamue bado. Njooni kwanza niwaonyeshe walikotoka.

Huko Burma palikuwa na mji wa wafalme ulioitwa Ava. Upande wa kaskazini ulipita mto mkubwa, Irawadi. Upande wa mashariki uliingia mto mdogo, Myitnge. Pande zilizobaki watu wa kale walichimba mfereji, mji ukawa kisiwa. Ukuta wake ulipinda hapa na pale, na watu walisema umechorwa kwa umbo la simba aliyeketi. Wafalme walihama Ava, wakarudi, wakahama tena, wakarudi tena. Kisha ardhi ikatetemeka. Mahekalu yakapasuka na mnara wa mlinzi ukainama. Mfalme akasema: "Tunahamia Amarapura."

Huko mji ulipohama, nyumba nazo zilihama. Zilijengwa kwa mti wa msaji, ule mgumu ambao mchwa hawauwezi, na hakuna aliyekubali kuuacha. Watu walibomoa nyumba zao nguzo kwa nguzo, wakavusha mbao mtoni, wakazisimamisha upya upande wa pili.

Mjane mmoja, Daw Mya, alikuwa na mabinti watatu. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Ma Pwa, wa kwanza, alijua mbao. Baba yake, fundi seremala, alimfundisha kabla ya kufa. Alikuwa akigusa boriti na kukuambia ilikaa wapi katika nyumba.

Ma Ngwe, wa pili, alijua maji. Aliweza kusimama mahali mito miwili inapokutana na kukuonyesha ni mkondo upi unabeba na upi unazamisha.

Ma Nyo alijua maneno. Jambo aliloambiwa na bibi yake mara moja halikumtoka.

Na ndani ya nyumba yao, kwenye nguzo ya pembeni, ilining'inia nazi iliyofungwa kitambaa chekundu, heshima ya mzimu unaolinda nyumba. Katika ukoo wao, binti aliyepewa nazi aitundike katika nyumba mpya ndiye aliyebaki na nyumba. Wengine walikwenda kujenga kwao.

Ma Pwa ndiye aliyekuwa akiibadilisha nazi hiyo kila ilipokauka. Alijua ni yake. Alijua hivyo mpaka siku alipomkuta mama yake uani akimchana nywele Ma Ngwe.

"Mwanangu wa mto," mama alikuwa akisema, "wewe ndiye utakayetuvusha."

Ma Pwa alisimama na patasi mkononi. Tangu asubuhi alikuwa akitia alama kwenye nguzo, mgongo unamuuma, na hakuna aliyemletea hata maji. Nywele zake yeye mama alikuwa amezigusa lini? Hakukumbuka. Wivu ukamchoma kama mwiba wa samaki.

Akarudi kazini. Nguzo za mashariki alizichonga unyayo wa kuku, za kaskazini mfupa wa samaki, na kila moja akaiongezea mikato ya nafasi yake. Alipofika kwenye nguzo ya nazi akainua patasi, halafu akaishusha.

"Hii naijua mimi," alijiambia. "Siku ya kuisimamisha, watanitafuta mimi."

Akaiacha tupu.

Kesho yake Ma Ngwe alifunga mbao zote kwa kamba za henzirani, zikawa chelezo, akaingia Myitnge. Irawadi ilikuwa imeanza kujaa. Alipofika katikati, mto mkubwa ukaanza kumvuta mdomoni mwake. Chelezo kikainama. Watu wa ukingoni wakapiga kelele, "Kata! Punguza mzigo!" Kitu kimoja kizito lazima kiende. Ma Ngwe akapapasa mbao kwa kiganja, moja baada ya nyingine: unyayo wa kuku, mfupa wa samaki, unyayo wa kuku. Mkono wake ukafika kwenye mti laini usio na mkato wowote. Akasema moyoni, hili ni gogo la ziada, dada hakuacha nguzo bila alama. Akakata kamba. Chelezo kikainuka, na nyumba ikavuka.

Amarapura nako, afisa wa mfalme aligawa viwanja. Aliyetoka mashariki ya Ava, upande wa ikulu, alipata mashariki ya mji mpya, kwenye mwinuko usiofikiwa na maji ya ziwa lililo karibu. Kwa hiyo kila mtu alidai ametoka mashariki.

"Leo kila mtu amekuwa jirani wa mfalme!" afisa alifoka. "Na wewe mtoto, umelala chumba gani cha ikulu?"

"Sikulala ikulu, mheshimiwa," Ma Nyo alijibu. "Kwetu ni kati ya muuza mafuta na mfinyanzi mwenye makengeza. Bibi alirudi hapo mfalme wa zamani alipoirudisha enzi Ava. Kisima kilikuwa na nyasi, akazing'oa kwa mikono. Na ule mnara ulioinama, ukisimama kisimani kwetu, unaonekana kama umekupa mgongo."

Afisa alikuwa amekulia mtaa huohuo, na maji ya kisima hicho alikuwa ameyanywa. Akawapa kiwanja kwenye mwinuko.

"Nani ataitundika nazi?" aliuliza, apate kuandika jina la mwenye nyumba.

"Mimi," Ma Nyo alisema, na hakupepesa macho.

Sasa mnajua kwa nini Ma Pwa alifungua mdomo akaufunga.

Baada ya ugomvi ule alirudi kazini. Alisoma alama, akapanga nguzo, akaunga boriti. Pale penye pengo alichonga nguzo mpya ya mti wa kawaida, akaikata na kuipima hadi mikono ikavimba. Nyumba ikasimama. Hakuna mwingine ambaye angeweza kuisimamisha.

Ndipo mama akaletwa kwa gari la ng'ombe, nazi mapajani. Akaizunguka nyumba, akipitisha kidole kwenye alama. Akafika kwenye nguzo mpya.

"Ile ya zamani?"

"Aliitupa Ngwe," Ma Nyo alisema.

"Haikuwa na alama, mama!" Ma Ngwe alianza kulia.

Daw Mya akamtazama binti yake mkubwa. "Baba yako alikufundisha kutia alama kila nguzo, Pwa. Hiyo uliitia alama gani?"

Ma Pwa alitazama chini. Kucha zake zilikuwa na damu ya kujenga. Alitaka kusema, uliniletea maji lini? Alitaka pia kusema, nisamehe.

Haya, nyinyi. Bila Pwa hakuna nyumba, na ni yeye aliyeiponza nguzo. Bila Ngwe mbao zote zingekuwa baharini, na ni mkono wake ulioikata kamba. Bila Nyo wangejenga kwenye tope, na ni yeye aliyejipa nazi kabla hajapewa. Je, wewe ungempa nani?

Amueni, maana mama bado amesimama mlangoni, na mabinti watatu wako ndani, na hakuna anayesogea. Mama ameinyoosha mbele ile nazi yenye kitambaa chekundu na kusema:

"Mikono yangu imechoka. Mwenye nazi na aje aichukue."