Manowari ya Dohani Nne

Kaeni sawasawa. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitamwuliza yeye kwanza.

Katika mji wa Bukindo, kando ya ziwa, palikuwa na watu watatu. Tungaraza alikuwa na ulimi. Alikuwa mkalimani wa serikali, na aliweza kuichukua amri ya moto na kuwafikishia watu ikiwa imekwisha kupoa. Kaseke alikuwa na mikono. Alikuwa mhunzi, na chuma alichokiunganisha hakikuachana tena. Bi Nyanzobe alikuwa na sauti. Hakuna aliyevuta mtumbwi, aliyepura mtama wala aliyemtoa bibi harusi kwao kabla yeye hajaanza wimbo, na miguu ya mji mzima ilifuata koo lake.

Siku hizo dola mbili kubwa zilikuwa zimegawana ziwa. Bukindo ilikuwa chini ya Kaizari. Upande wa pili, Ng'ambo, ulikuwa chini ya Malkia. Watu wa ziwa hawakuulizwa. Walikuwa wameoana huku na huku mpaka vita baina yao ingekuwa ugomvi wa mashemeji tu. Kaizari na Malkia hawakuwahi kuliona ziwa lenyewe, lakini kila mmoja alikosa usingizi akizihesabu manowari za mwenzake. Malkia akaweka manowari moja Ng'ambo. Kaizari naye akaleta yake Bukindo, vipande vipande, vichwani mwa watu, kutoka pwani, ikaanza kuunganishwa ufukweni. Ikapewa jina Hofu ya Maji, ingawa ilikuwa bado haijayagusa.

Kisha amri ikatoka. Siku ya kuzaliwa Kaizari, manowari ishushwe ziwani, na alasiri ile ile iupige Ng'ambo kwa mizinga.

"Kwa majaribio," alieleza Kamanda wa Kaizari pale Bukindo, kama mtu anayeonja mchuzi.

Ng'ambo, katika nyumba iliyo karibu kabisa na maji, alikuwa amelala binti yake Bi Nyanzobe na mtoto mchanga. Arobaini yake ilikuwa haijaisha.

Tungaraza alianza yeye. Kamanda alikuwa na desturi ya kumtuma Ng'ambo na bendera nyeupe, apeleke salamu na sigara kwa Kamanda wa Malkia, kwa kuwa watu wanaopanga kuuana rasmi hawakatazwi kuwa na adabu. Manowari ya Malkia ilifichwa nyuma ya rasi, darubini haikuifikia. Basi aliporudi, Kamanda alimwuliza, "Yao ina dohani ngapi?"

Ilikuwa na dohani moja, bomba moja la kutolea moshi, kama ya Kaizari. Lakini Tungaraza alikuwa amemsikia Mhandisi, msimamizi wa kuiunganisha manowari, akinung'unika kwamba Hofu ya Maji ni nzito juu kuliko chini, na kwamba ikiongezewa hata kofia ya baharia itapinduka.

"Tatu, Bwana Kamanda."

Kamanda akaweka kikombe chini. "Tatu?"

"Na wanacheka, Bwana. Wanauliza kama hii yetu ni manowari au ni jiko."

Mbele ya ofisi ya Kamanda palikuwa na mti wa kunyongea, na waliodanganya serikali walikuwa wameshaufahamu. Tungaraza aliupita akiwa amenyoosha shingo. Jioni hiyo Kamanda akatangaza kuwa ya Kaizari itakuwa na dohani nne. Moja ya moshi, tatu za heshima.

Kaseke ndiye aliyezitengeneza. Kamanda alisema dohani za Dola hazitikiswi na upepo, basi Kaseke akatii kuliko alivyoagizwa: akachagua chuma kinene kuliko vyote, akazipandisha juu, akazifunga kwa misumari ya moto ambayo yeye peke yake aliweza kuing'oa. Mkesha wa sherehe Mhandisi akazunguka manowari, akatazama juu, jasho likamtoka. Akaamuru zile tatu zikatwe mara moja.

Kaseke akaweka nyundo chini. "Sikati."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimesema polepole."

Wakamlaza mchangani wakamchapa kiboko. Kila walipopumzika walimwuliza tena, na kila walipomwuliza aliwajibu neno lile lile. Mwishowe aliyechoka alikuwa mwenye kiboko. Mkono wa kulia wa Kaseke haukunyanyuka tena kupita bega.

Akabaki Bi Nyanzobe. Mhandisi alikuwa na hila ya mwisho: mji mzima ushike kamba, manowari iteremshwe taratibu juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, na ikigusa maji tu ijazwe mawe tumboni, itulie. Kazi hiyo ilihitaji wimbo wa polepole.

"Bibi," alitafsiri Tungaraza, "wanataka wimbo kama wa kumbembeleza mtoto."

"Mtoto wa kubembeleza ninaye," alisema Bi Nyanzobe. "Waambie yuko pale wanapopalenga."

Tungaraza akamgeukia Mhandisi. "Anasema amefurahi sana."

Siku ya sherehe Bi Nyanzobe akasimama mbele, bendi ya askari ikanyamaza, akaanza. Kamba zikateleza polepole, manowari ikashuka kwa heshima zote. Pua yake ilipogusa maji, Bi Nyanzobe akabadilisha, akaingia wimbo wa kumtoa bibi harusi. Na wimbo huo, kila mtu wa ziwa anajua, ukifika kiitikio unaacha ulichoshika, hata kama ni mtungi, unapiga makofi.

Sajenti akamwekea bunduki kifuani. "Nyamaza!"

Bibi akamtazama machoni, akavuta pumzi, akakiimba kiitikio.

Mji mzima ukaachia kamba ukapiga makofi. Hofu ya Maji ikachomoka ufukweni kama mbuzi aliyekata kamba. Ikainama kulia, ikainama kushoto kama inayotoa salamu, kisha ikalala ubavu, dohani zote nne zikinywa maji.

Sasa sikilizeni kazi ya serikali. Kamanda hakuweza kumwandikia Kaizari kwamba amezamishwa na harusi, basi akaandika kuwa adui alimvamia na kwamba walipigana kiume. Kaizari akamtunuku nishani. Habari zikafika kwa Malkia, naye akamtunuku Kamanda wake kwa ushindi huo. Yule bwana, saa ya vita, alikuwa mezani akila samaki. Mashujaa wakawa wawili na mizinga haikulia. Na wale watatu hawakuguswa, kwa sababu huwezi kumnyonga mtu kwa kosa ambalo taarifa rasmi inasema lilifanywa na mwingine.

Arobaini ikaisha. Wakavuka kwenda Ng'ambo kumwona mtoto, wakamkuta karani wa Malkia mlangoni. Alikuwa ameletewa maagizo: kila mtoto mchanga aandikwe jina la Kamanda mshindi, aliyeuokoa mji.

"Mwanangu hatabeba jina la mtu aliyekuwa anatoa miiba ya samaki," alisema mama mtoto. "Atabeba la aliyemwokoa."

"Sawa, nani huyo?" alisema karani. "Sheria ni jina moja. Usiponitajia kabla sijaondoka, naandika la Kamanda."

Kwa watu wa ziwa jina halina suruali wala kanga; liwe la mwanamume au la mwanamke, mtoto yeyote hulibeba. Tatizo lilikuwa moja tu.

"Bila uongo wangu, dohani zisingekuwepo," alisema Tungaraza.

"Mtani wangu," alisema Kaseke, "miaka yote ulimi wako umekula mshahara wa Kaizari. Umedanganya siku moja, unadai mtoto?"

"Ukweli niliusema miaka yote, na haukumwokoa mtu. Wewe je? Ulichofanya ni kukataa."

"Jaribu kukataa ukiwa umelala kifudifudi. Tena wewe una mashemeji huku, Bibi ana binti na mjukuu. Mimi upande huu sina hata kuku."

"Mliniachia manowari imesimama," alisema Bi Nyanzobe. "Aliyeilaza ni mimi."

"Lakini Bibi," alisema Tungaraza, "nyanya gani angenyamaza mjukuu wake akilengwa mizinga?"

"Kwa hiyo mtu akimwokoa wake, haihesabiwi?"

Mama mtoto akamtazama mwenye ulimi, akamtazama mwenye mkono usionyanyuka, akamtazama mama yake mzazi. Mtoto akaanza kulia. Karani akachovya kalamu, akaangalia jua.

Haya, wewe uliyekuwa unasinzia, amka. Mlango uko wazi, wino unakauka, na jina la mla samaki liko tayari. Je, wewe ungesema mtoto aitwe nani?