Uso wa Tumpe

Mtu mmoja alikuwa na studio ya picha pale Makambako, jina lake Laurian Mgaya. Siku moja aliona bango la tamasha lililomshika macho. Halikuwa na mtu wala kitu. Ni mwanga tu uliopasuka vipande, mistari iliyojikunja, na rangi zilizoyeyukiana kama moshi. Akatamani kuutengeneza mwanga ule kwa mkono wake.

Akakaa mbele ya kompyuta wiki tatu. Alizinyoosha rangi, akazisokota, akazitia ukungu, akaweka tabaka moja juu ya jingine, akafuta, akaanza upya. Wiki ya nne akaupata, na haukutofautiana hata kidogo na ule wa bango. Furaha yake ilikuwa ya haki, maana aliutolea jasho.

Ndipo akaja mwashi mmoja mzee, Yeremia Sanga. Mkewe, Tumpe, alikuwa amefariki, na ibada ya kumkumbuka ilikuwa Jumapili. Alileta picha pekee ya mkewe aliyokuwa nayo, ndogo, ya kitambulisho, akaomba ikuzwe. Laurian akainakili kwenye kompyuta, akamrudishia. Alimwonea huruma, akasema moyoni kwamba mama huyu atapewa kilicho bora kabisa. Akamwekea ule mwanga. Uso ukawa unagombana na rangi, akaulainisha. Palikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, akalifuta. Akaongeza tabaka, na jingine, mpaka akaridhika.

Ijumaa Yeremia aliishika ile picha kubwa kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanga nimeuona, fundi," alisema. "Tumpe yuko wapi?"

"Yupo, mzee. Yupo chini ya hayo yote."

"Basi mtoe. Watoto wake wanakuja kumwona yeye."

Mzee alipoondoka, Laurian alirudi kwenye kiti chake, akaanza kuyaondoa matabaka moja moja. Kila alipoondoa moja iliuma, kwa sababu alikumbuka siku aliyojifunza kulitengeneza. Alipofika la mwisho akakuta uso laini usio na kovu, uso wa mwanamke yeyote. Kovu alikuwa amelifuta kwenye picha yenyewe ya kompyuta, si kwenye tabaka, na nakala nyingine hakuiweka.

Ikambidi aende kwa miguu hadi nyumbani kwa Yeremia, abishe hodi, na aseme, "Mzee, nimemharibu. Naomba unipe tena ile ndogo." Yeremia hakumkemea. Aliingia ndani, akamletea.

Jumapili picha ilisimama kanisani, mbele ya waumini, kubwa, bila pambo lolote. Binti mkubwa wa marehemu alisogea, akaweka kidole juu ya kovu, akacheka huku analia. "Kipande cha kuni kilimrukia hapa," aliwaambia wanawe, "alipokuwa akipasua kuni asubuhi ili twende shule tumekula." Laurian, aliyekaa benchi la nyuma, alisikia, akainamisha kichwa. Hakuwa amemuuliza mtu yeyote habari za kovu lile.

Ufundi wake hakuutupa. Bado anautumia kwenye mabango, na ni mzuri. Lakini ninyi mnaosimama mbele za watu kumsimulia mwenzenu, awe hai au awe amelala, nawauliza: mkiyaondoa yote mliyomwongezea, mtamkuta bado yupo?