Chiriku Aliyeuliza Tu

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti au mmelishwa pamba? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na kelele!

Haya sasa, mmeamka. Kelele zilikuwapo, na mwenye kelele alikuwa Fisi.

Fisi huyo alikuwa na pembe ya mbiu. Kila asubuhi anapanda juu ya kichuguu, anapuliza: Vuuuu! Vuuuu! Na desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: mbiu ikilia, wote mkusanyike, mpiga mbiu akiuliza, sharti ajibiwe. Ukinyamaza huna adabu, na mama aliyekuzaa hana adabu pia.

"Vuuuu! Jana nani kawatimua vijana wa nyani?"

"Ngiri!" wanajibu ngiri vijana, vifua mbele.

"Enyi nyani, mmekubali?"

"Hatukubali!"

Basi hao, bondeni. Pu! Pa! Kwa! Rungu huku, mawe kule. Kesho yake Fisi anawasifu nyani, kesho kutwa anawasifu ngiri. Na vijana mnawajua, wanapenda kutajwa. Akianguka mmoja, Fisi anajifuta machozi: "Maskini wee! Mazishi niachieni mimi, nyinyi mna majonzi." Jirani mwema huyo! Anaburura maiti mpaka vichakani, buru, buru, buru. Na kila akizika, ananenepa.

Sasa, Bi Ngiri alikuwa na wana watatu. Wawili Fisi alikwishawazika. Kabaki Songoro peke yake, na siku moja mama kamkuta ananoa pembe zake kwenye jiwe, kwaru, kwaru.

"Mwanangu, unakwenda wapi?"

"Kesho nakwenda bondeni, mama. Kesho mbiu itanitaja mimi!"

Bi Ngiri akalia. Nani asingelia? Akamwendea Chiriku, kidege kidogo hakijai kiganja, lakini mdomo, Mungu wangu! Mdomo ule haukujua kupumzika.

"Shoga yangu, niokolee mwanangu."

"Umemkanya?"

"Nimemkanya mpaka koo limenikauka. La mama hasikii, anasikia la mbiu."

"Basi ataambiwa kwa mbiu," akasema Chiriku, na pruuu, akaruka.

Akamkuta Fisi kivulini, anajilamba vidole.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Unataka nini, we kadege?"

"Nimeona uchungu, bwana. Kila siku unasifu watoto wa watu. Wewe je, nani anakusifu?"

Fisi akaacha kujilamba. "Hakuna," akasema kwa sauti ndogo. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo, na sasa lilimchoma.

"Kesho wewe puliza, mimi niulize. Nitakusifu mpaka usahau njaa."

Fisi mate yakamdondoka. Alikuwa na uroho wa nyama na uroho wa sifa, na sijui upi ulizidi. Kisha akashtuka. "Lakini usije ukasema mambo yangu!"

"Mie? Mie sisemi kitu, bwana. Mie nauliza tu."

Asubuhi, Vuuuu! Vuuuu! Ngiri hawa hapa, nyani wale pale, rungu mabegani, na Songoro mbele kabisa. Chiriku katua juu ya kichwa cha Fisi, katikati ya masikio.

"Nani anapigana?"

"Sisi!"

"Nani anaumia?"

"Sisi!"

"Nani anakufa?"

Hapo sauti zikapungua. "Sisi..."

"Na nani anazika?"

"Fisi!"

Fisi akatabasamu. Jina lake! Tumbo likamcheza, tiki, tiki, tiki.

"Na nani ananenepa?"

Ngiri wakawatazama nyani, nyani wakawatazama ngiri, kisha wote wakalitazama lile tumbo. Hakuna aliyejibu. Fisi roho ikamwuma: sifa yake ipotee hivi hivi? Desturi gani hii? Akaruka juu.

"Mimi! Mimi ndiye niliyenenepa! Tena sana!"

"Kwa kula nini, bwana?" akauliza Chiriku, taratibu.

Fisi akafumba mdomo. Mbiu imelia, kaulizwa, naye hajibu! Songoro akasogea.

"Kaka zangu umewazika wapi?"

"Na wangu?" akauliza nyani mmoja.

"Hi hi hi," akacheka Fisi, kicheko cha woga. "Hapo tu, mbele kidogo."

"Twende ukatuonyeshe!"

Thubutu! Fisi aliangusha pembe, akatimua mbio, tumbo linafagia nyasi, fya, fya, fya. Huko alikokwenda mimi sikumwona tena, wala sikumtafuta. Songoro akatupa rungu lake, akakaa chini akawalilia kaka zake. Yule nyani akaja, akakaa karibu naye, naye akalia.

Tangu hapo pembe anapuliza Bi Ngiri, na Chiriku anauliza. Unadhani vijana waliacha kupenda kutajwa? Wapi! Ila Chiriku hakuulizia aliyepiga. Siku moja akauliza: "Jana nani kamvusha mto mtoto wa nyani, maji yamejaa?"

"Songoro!" nchi nzima ikajibu.

Bi Ngiri alitaka kupuliza tena, pumzi ikamkataa. Ilibidi wamngoje.

Hadithi yangu imechoka, nami nimechoka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, yeye hachagui.

Na funzo? Nyamazeni niwape funzo. Wewe unayeshiba kwa ugomvi wa watoto wa wenzio, sikia nikuusie: sifa hazifai. Kula kimya kimya, na ukiona kitu kidogo kinauliza maswali, kimbia mapema.

Mbona mnanitazama hivyo? Mimi nimeuliza tu.