Jiwe Lililotazama Mlangoni

Hapo zamani, kabla hamjazaliwa mkaanza kunikatiza, palikuwa na mji wa wapika mawe. Ndiyo, mawe. Walisaga unga mweupe, wakauyeyusha tanurini, wakauacha upoe mpaka ukawa jiwe angavu kama maji ya mtungi. Sheria yao ilikuwa moja tu: uchafu usiingie. Jiwe chafu lilipondwa, na aliyelichafua alifukuzwa kazini, asirudi tena.

Mwenye tanuri, Bi Nzelani, alikuwa amechoka na hana mtoto. Akatangaza kwamba atamwachia tanuri yeyote atakayempa jiwe ambalo, likining'inizwa kwa uzi kati ya sumaku zake mbili, litageuka lenyewe na kutazama mlangoni. Alitaka walau kitu kimoja nyumbani kwake kimwangalie mgeni akiingia. Mawe yote yaliyojaribiwa yalizunguka ovyo, kama mtu anayetafuta choo ugenini akaona haya kuuliza.

Makunda, msaga unga, alikuwa na mdomo mwepesi. Siku moja, akisimulia harusi ya jirani, alikoroga unga kwa upawa wenye kutu. Kutu ikaingia, asione. Nani huona akiwa katikati ya umbea?

Chilewa, mtunza moto, aliona. Alipaswa kusema, lakini Makunda alikuwa akimletea vitumbua, na kinywa chenye kitumbua hakisemi sana. Akapunguza moto kidogo kidogo, kwa subira ambayo hajawahi kuwa nayo, na jiwe likakua bila ufa. Likatoka la samawati.

Sihaba, mfunga nyuzi, akaambiwa aliponde. Likamwia zuri mno, akalificha kwenye pindo la kanga. Akalining'iniza kati ya sumaku za Bi Nzelani. Alipolifunga uzi kichwani, lilizunguka ovyo kama wenzake. Alipolifunga ubavuni, likageuka taratibu, likatulia, likatazama mlangoni. Akalisukuma kwa kidole. Likarudi kule kule.

Bi Nzelani alipoitwa aone, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza ile rangi ilitoka wapi, na yote yakajulikana.

"Ni kutu yangu, Bi," alisema Makunda. "Humo ndani sumaku haina kingine cha kushika. Bila mimi lingekuwa linatafuta choo hadi leo."

"Kutu iko hata kwenye jembe langu, wala haitazami popote," alisema Chilewa. "Ndani ya jiwe kila chembe ya kutu imebanwa na majirani zake, chembe za jiwe lenyewe, ikalazimika kuelekea upande mmoja. Hao majirani niliwapanga mimi, kwa moto."

"Nyinyi mlikuwa na jiwe la kupondwa," alisema Sihaba. "Upande wake niliutafuta mimi."

Bi Nzelani alikaa na nyundo mkono mmoja, ufunguo wa tanuri mkono wa pili. Akifuata sheria, jiwe linapondwa, Makunda anafukuzwa, na hao walioficha kosa lake nao hawasalimiki. Asipoifuata, atafuata nini? Makunda alianza kulia, maana hakujua kazi nyingine duniani. Bi Nzelani akamwonea huruma kweli. Akaweka nyundo chini, akalizungusha jiwe kwenye uzi wake, akitumaini litamchagulia mtu. Likampita Makunda, likampita Chilewa, likampita Sihaba, likatulia likitazama mlangoni.

Haya, mabingwa wa kunikatiza, leo nawaruhusu. Ufunguo apewe nani? Na mkisema Makunda, kesho nani atakubali kuosha upawa wake?